Lisogelee yungiyungi lako

Dada yangu wa Tabora, pole sana kwa kuondokewa na mama. Unasema yungiyungi la Mto Malagarasi ulilomchorea kwa rangi za mafuta limependeza, ila halisemi huzuni yako. Nadhani umesimama mbali nalo mno. Ondoa maji, ondoa majani, acha petali zivuke kingo za turubai, mtazamaji asiwe na pengine pa kukimbilia. Mchoraji Mmarekani Georgia O'Keeffe (1887–1986) alikuza maua namna hiyo katika miaka ya 1920.

Huzuni iweke kwenye vivuli. Achana na nyeusi ya tyubu, huua rangi; changanya bluu ya altramarini na kahawia iliyokolea, upate giza lenye uhai. Kisha mwanga mkali uwe mahali pamoja tu. Rangi ya mafuta hukauka taratibu, nasi wa Ujiji wakati wa mvua twalijua hilo, lakini ni neema: kesho bado utaweza kulainisha ukingo wa petali kwa brashi kavu. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini, kiyeyusho cha rangi ya mafuta. Mafuta ya kitani yaongezeke katika tabaka za juu, la sivyo picha itapasuka. Dirisha lifungue, mvuke wa tapentaini utoke.