Maswali ya Wasomaji: Dirisha lisiloleta mwanga

Chumba changu hapa Pipeline kina dirisha, lakini linatazama ukuta wa ghorofa ya jirani. Hata saa sita mchana nawasha taa. Nimesikia wahamiaji wa New York miaka ya 1880 waliishi vivyo hivyo. Kwani hawakuwa na sheria? – Mpangaji, Embakasi

Sheria ilikuwepo, tena ndiyo iliyozaa madirisha ya namna hiyo. Mwaka 1879 jimbo la New York liliagiza kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kufungukia nje. Hiyo “nje” iwe pana kiasi gani, wakaachiwa wakubwa wa afya waamue.

Ploti ya kawaida ilikuwa futi 25 kwa 100, na wajenzi hawakutaka kupoteza hata futi moja. Wakafuata ramani ya mbunifu wa majengo James Ware, iliyoshinda shindano la jarida la mafundi wa mabomba mwaka huo huo. Ukilitazama kutoka juu, jengo lake lilibonyea kiunoni kama dambeli ya mazoezi. Pale kiunoni ndipo palipoachwa uwazi wa hewa: inchi 28 kwa kila jengo. Majengo mawili yakisimama bega kwa bega, nafasi yote kati yao haikufika futi 5, nayo ilishuka orofa tano au sita.

Kila orofa ilikuwa na vyumba 14 vya familia nne, na vyoo viwili vya pamoja kwenye korido karibu na ngazi. Kati ya hivyo 14, vinne tu vilipata mwanga wa barabarani au wa uani. Vilivyobaki vilitegemea ule uwazi. Chumba cha kulala kilikuwa futi 7 kwa 8 na nusu. Ile “ten by ten” ya Nairobi ni futi mraba 100. Hicho hakikufika 60.

Kwa nini uwazi haukufanya kazi? Hewa hupanda ikiwa kuna pa kuingilia chini, na huu ulizibwa pande zote, ukabaki wazi juu tu. Joto na harufu vikakaa humo humo. Wapangaji wa juu walitupa takataka dirishani, na kule chini hapakuwa na njia nzuri ya kuingia kuzizoa, kwa hiyo zikaoza. Ugomvi wa jirani ulisikika neno kwa neno. Hatari kubwa ilikuwa moto: uwazi uligeuka bomba la moshi, ukavuta ndimi za moto kutoka orofa moja hadi nyingine kupitia madirisha yale yale ya kisheria.

Kufikia 1900, watu wapatao milioni 2.3 kati ya milioni 3.4 wa mji wa New York waliishi katika nyumba za kupanga za aina mbalimbali. Mwaka 1901 ikaja sheria yenye vipimo: jengo jipya la katikati ya mtaa lisizidi asilimia 70 ya ploti, ua uwe na upana uliotajwa kwa futi, kila familia iwe na choo chake. Idara maalumu ikaundwa kukagua. Kwa masharti hayo, ploti moja ya futi 25 haikulipa tena, na wajenzi wakaanza kuunganisha ploti. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mambo yalipobadilika hasa. Majengo ya zamani, lakini, hayakubomolewa. Wenye nyumba walilazimishwa tu kutoboa madirisha kati ya chumba na chumba na kuondoa vyoo vya uani. Hata hilo walilipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1906.

Je, ni kweli maofisa wa Ellis Island waliwabadilisha wahamiaji majina? – Msomaji, Eastleigh

Hapana. Kituo hicho cha kukagua wahamiaji, bandarini New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na mkaguzi alisoma majina kutoka orodha ya abiria iliyoletwa na meli. Wengi walijibadilisha wenyewe baadaye, kazini au shuleni. Mtego ulikuwa kwenye maswali. Ukionekana huwezi kujitegemea, unarudishwa kwa gharama ya kampuni ya meli. Ukijigamba kwamba tayari una kazi uliyoahidiwa, umevunja sheria ya 1885 iliyokataza vibarua wa mkataba kutoka nje. Jibu salama lilikuwa kwamba una nguvu za kufanya kazi na jamaa wa kukupokea, ila kazi yenyewe bado hujaipata.