Geuza Kiti Kwanza: Ninavyochagua Samani na Nguo za Zamani

Watu wakishajua kwamba nakusanya vitu vya zamani huniuliza swali lilelile: kizuri unakijuaje? Wengi hutarajia niwatajie majina ya wabunifu, au niwaambie ni miaka ipi ya kuwinda. Majina nitayataja huko mbele, lakini hayaji kwanza. Ushauri wangu ni wa mikono: kigeuze. Mbele ya kiti, kabati au koti palitengenezwa kumpendeza mnunuzi. Nyuma, chini na ndani, fundi alijua hapataangaliwa sana, na huko ndiko unakomkuta mwenyewe.

Nianze na droo, maana droo moja inaweza kukupa habari za kabati zima. Ivute mpaka itoke kabisa. (Mwenye mali akikukataza, mshukuru uende zako.) Tazama pembeni, pale mbao ya mbele inapokutana na ya ubavuni. Kwenye kazi nzuri ya zamani utakuta meno yanayopanuka nchani kama mkia wa njiwa, yamefumana kiasi kwamba mbao haichomoki hata gundi ikikauka na kuisha nguvu. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa: moja nene, jingine jembamba, na kando yake mara nyingi kuna mstari mwembamba uliokwaruzwa kwa ncha ya chuma ili fundi ajue msumeno uishie wapi. Meno ya mashine yana upana mmoja na nafasi moja. Si kasoro, kuna samani nzuri sana za kiwandani. Ila mtu akikuapia kwamba kabati ni la miaka ya 1700 na meno yake yote ni pacha, usibishane naye, rudisha droo mahali pake.

Kisha igeuze droo juu chini. Nina kabati dogo ambalo droo zake zimelika kwa chini, pale zinapoteleza, na ubavu wa kulia umelika kuliko wa kushoto. Aliyelitumia alikuwa akivuta kwa mkono mmoja, kwa pembe, miaka nenda miaka rudi. Mbao imekuwa laini pale, ukipitisha kidole unahisi mfereji. Uchakavu wa kweli una sababu. Mikono ya kiti hulika pale kiganja kinapotua, miguu ya mbele hukwaruzika kuliko ya nyuma, eneo la kuzunguka kishikio huwa jeusi kwa mafuta ya vidole. Anayechakaza kitu makusudi ili kionekane cha kale hukigonga kila mahali kwa usawa, hata chini ya uvungu ambako hakuna mkono uliowahi kufika.

Kipimo kingine ninachokipenda hakihitaji utaalamu wowote. Mbao hunywea upande wa mapana ya nyuzi zake kadiri miaka inavyopita, lakini kwa urefu wa nyuzi hainywei kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo meza ya mviringo ya zamani iliyotengenezwa kwa mbao halisi si mviringo tena. Ipime kwa futi kufuata nyuzi, kisha ipime kukata nyuzi. Ukikuta tofauti ya milimita kadhaa, ni dalili nzuri. Vipimo vikilingana kabisa, basi huenda ni plaiwudi iliyobandikwa ganda la mbao juu, au ni meza ya juzi.

Skrubu nazo huongea. Zile za kichwa cha msalaba zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930, baada ya Henry F. Phillips wa Marekani kupata hataza zake, yaani haki za kisheria za kuzuia wengine wasiige uvumbuzi. Ukiiona kwenye kiti kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1880, kuna mkono wa baadaye uliopita hapo. Usikihukumu kiti kwa skrubu moja, kwa sababu bawaba hubadilishwa na miguu hukazwa upya. Ifungue ukiruhusiwa, uone kama tundu ni la zamani ila mgeni ni skrubu.

Hapa najua nitakosana na baadhi yenu: sipendi samani iliyopigwa msasa mpaka ikawa nyeupe kisha ikapakwa vanishi mpya ya kung'aa. Ile rangi iliyokolea, iliyoletwa na mwanga, nta na mikono ya watu, ikishaondoka hairudi. Samani nyingi za karne ya 19 zilipakwa shelaki, utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwenye spiriti, na uzuri wa shelaki ni kwamba inatengenezeka. Gusa mahali pa siri kwa pamba yenye tone la spiriti. Ikilainika na kunata, basi ni shelaki, na mara nyingi fundi anayejua kazi yake anaweza kuifufua bila kukwangua chochote. Ndiyo maana kabla ya kununua huuliza jambo moja tu kuhusu ukarabati: nini kimeondolewa? Kilichoongezwa nitakiona mwenyewe.

Sasa majina. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini kwenye vitu vya zamani mara nyingi kinachojiuza ni jina. Chukua kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi samani wa Vienna, cha mwaka 1859. Kilikuwa na vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Hataza yake ilipokwisha mwaka 1869, viwanda vingine viliingia kazini na kukiiga, vingine kwa ustadi wa hali ya juu. Kwa hiyo umbo pekee halitoshi. Inama uangalie chini ya kikalio, utafute muhuri au karatasi ya kiwanda. Na usipopata, jiulize kama kiti chenyewe kinakaliwa vizuri, maana mwigo mzuri wa zaidi ya miaka mia moja si kitu cha kudharau.

Mtego wa pili ni miundo ambayo haijaacha kutengenezwa. Kiti kikubwa cha ngozi cha Charles na Ray Eames, wabunifu wa Marekani waliokuwa mume na mke, kilitoka mwaka 1956 na kampuni ya Herman Miller inakitengeneza mpaka leo. Muuzaji akisema "ni wa 1956" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu muundo na hajasema lolote kuhusu kiti kilicho mbele yako.

Nguo nazichagua kwa kanuni ileile, ila hapa kugeuza ni kuivua koti sura yake: itoe ndani nje. Tazama mishono. Je, kingo za kitambaa zimekunjwa na kushonewa ndani, au zimeachwa zinafumuka? Kuna akiba ya kitambaa kwenye mshono wa kati wa mgongo na kwenye pindo la suruali? Fundi wa zamani aliacha akiba hiyo kwa sababu alitarajia mwenye nguo atanenepa, au nguo itarithiwa na mtu mwenye kimo kingine. Ukikuta sentimita mbili au tatu za kitambaa zimefichwa ndani, umenunua nguo pamoja na marekebisho yake ya kesho.

Nina shati ambalo kola yake iligeuzwa. Upande uliolika uliwekwa ndani, upande mzima ukatolewa nje, na mshono umepita kwenye matundu yaleyale ya awali. Ukiangalia shingo kwa ndani unaona weusi wa uchakavu umebanwa kati ya tabaka mbili. Wengi wangelirudisha mahali pake kwa sababu "limetengenezwa". Mimi nililichukua kwa sababu hiyo hiyo. Marekebisho mazuri yanaonyesha kwamba kuna mtu aliyeona nguo hii inastahili muda wake, na kitambaa kilichovumilia kuvaliwa hadi kola ikalika kwa kawaida ni kitambaa cha maana.

Kuhusu umri wa nguo, zipu na lebo husaidia. Zipu za chuma ndizo zilizotawala hadi miaka ya 1960, wakati zile za nailoni zilipoanza kuchukua nafasi. Nchini Marekani, maelezo ya kufua yaliyoshonwa ndani ya nguo yalifanywa lazima kuanzia mwaka 1972. Alama ya Woolmark ya sufu halisi ilizinduliwa mwaka 1964, hivyo nguo yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1950 hata ikikatwa kwa mtindo huo. Lebo ya Ujerumani Magharibi inakuweka kati ya 1949 na 1990. Kwenye jinzi za Levi's, kijilebo chekundu cha mfukoni kilikuwa na E kubwa mpaka mwaka 1971 ilipobadilishwa kuwa ndogo, na hilo peke yake limewafanya watu wazima wapigane vikumbo juu ya rundo la mitumba. Kumbuka tu kwamba lebo hufumuliwa na kushonwa kwingine. Linganisha uzi wa lebo na uzi wa jirani zake.

Namba ya saizi isome kama pambo. Vipimo vimebadilika mno, na saizi ya zamani mara nyingi ni ndogo kuliko ya leo yenye namba ileile. Tandaza nguo unayoipenda nyumbani, pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa, mabega na urefu, andika, tembea navyo. Nguo inayokubana mabegani usiinunue kwa matumaini. Kiuno hurekebishika, pindo hurekebishika, mabega ni kazi ya fundi mkubwa na si kila mara inafanikiwa.

Kitambaa nacho kina siri zake. Hariri ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 mara nyingi ilitiwa chumvi za metali ili iwe nzito na iporomoke kwa madaha. Chumvi hizo huila polepole. Utaiona imepasuka kwa mistari midogo kwenye mikunjo hata kama haikuvaliwa sana, na hakuna sindano itakayoiokoa. Ninapokuwa na shaka na kitambaa nilichokwisha kukinunua, hutoa uzi mmoja ndani ya mshono na kuuchoma juu ya sahani. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi, sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.

Kabla hakijaingia ndani, kila kitu kipite karantini. Nguo za sufu na hariri huliwa na viwavi wa nondo, kwa hiyo mimi huzifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuzilaza kwenye friza kama wiki mbili. Kwa samani tatizo ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Vitundu vya milimita moja au mbili peke yake si hukumu, huenda wadudu walishaondoka zamani. Weka karatasi nyeusi chini yake na usubiri. Ikipata unga mpya mweupe, kuna mkazi ndani, na jirani zake wote wamo hatarini. Rangi iliyobabuka nayo iheshimu: rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 tu, kwa hiyo usiipige msasa mkavu, hasa palipo na watoto.

Vitu ambavyo sinunui ni vichache. Godoro, hapana. Helmeti na viti vya gari vya watoto, hapana, kwa sababu huwezi kujua vilishagongwa mara ngapi. Taa ya zamani nitainunua kwa ajili ya umbo, lakini waya haupati umeme wangu mpaka fundi aubadilishe.

Begi langu la kuwindia lina futi ya kupimia, tochi, sumaku na bisibisi bapa. Sumaku ni ya vishikio: ikinasa, hiyo si shaba tupu, ni chuma kilichopakwa. Na kwenye simu nimeandika upana wa mlango wangu mwembamba kuliko yote, pamoja na ule wa kona ya ngazi, maana kabati la mbao halisi halikunjiki.