Fundi anasema ataniwekea H.265 kwenye king'amuzi cha zamani

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina king'amuzi cha antena nilichonunua mwaka 2015, kinanifaa hadi leo. Fundi wa mtaani kwetu Mbagala anasema vituo vyetu vinapaswa kuhamia H.265, ule mfumo mpya zaidi wa kubana picha za video, kama Ujerumani, na siku vikihama ataniwekea programu mpya kwa shilingi 20,000, nisihangaike kununua kingine. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kuhusu vituo kuhama, naungana naye. H.265, iliyokamilika mwaka 2013, hutumia karibu nusu ya data ya H.264, mfumo ulioitangulia, kwa picha ya ubora uleule, na masafa ya kurushia matangazo hayaongezeki. Lakini hiyo 20,000 usimpe.

Ving'amuzi vilivyopitia "programu mpya" naletewa kila mara. Cha mwisho, mwenyewe alikuwa ameapiwa kwamba sasa kinasoma H.265. Nikachomeka flashi yenye video ya aina hiyo: sauti inasikika vizuri kabisa, skrini nyeusi tii. Nikafungua kifuniko, chipu ni ileile aliyonunua nayo. Fundi alibadilisha picha inayotokea wakati wa kuwasha, akachukua pesa ya watu.

Kazi ya kufungua picha iliyobanwa hufanywa na saketi zilizochongwa ndani ya chipu kiwandani. H.264 hukata picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16. H.265 huenda hadi 64 kwa 64, na hesabu zake ni nyingine kabisa. Prosesa ndogo ya king'amuzi imewekwa kwa ajili ya menyu na rimoti, haiwezi kubeba hesabu hizo kwa picha 25 au 50 kila sekunde. Hakuna programu inayochonga saketi!

Wala maandishi ya T2 (DVB-T2) kwenye king'amuzi yasikudanganye. T2 ni namna mawimbi yanavyosafiri, H.265 ni namna picha ilivyofungashwa ndani yake. Uingereza hurusha chaneli zake za HD kwa T2 na H.264. Ujerumani ilipohamia T2 na H.265 tarehe 29 Machi 2017, televisheni ya T2 isiyo na H.265 haikufaa kitu kwa matangazo hayo, ndiyo maana vifaa vinavyosoma vyote viwili viliwekewa nembo ya kijani, mnunuzi asibahatishe.

Na sisi tuanzie hapo hapo dukani: ving'amuzi vinavyoingia nchini sasa viwe na chipu ya H.265, miaka kadhaa kabla kituo chochote hakijahama. Tukianza na mitambo ya kurushia, watakaobaki gizani ni wenye kipato kidogo, na ndio hao hao mafundi wa namna hii watakaowafuata mlangoni.

Chako endelea nacho. Siku ukinunua kingine, usisome boksi, maana "4K" huandikwa popote. Nenda na flashi yenye video ya H.265, muuzaji aichomeke mbele yako, uone picha inacheza kabla hujatoa hela.