Omba hati ya malipo, usiishie kwenye bajeti

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: mtu anajua serikali imetumia fedha mahali fulani, anataka kuziona karatasi zenyewe, na hajui aanzie wapi. Nimeyafupisha maswali, majibu nimeyaacha na urefu unaostahili.

Niliomba taarifa za fedha za ujenzi wa barabara, nikapewa kitabu cha bajeti. Nimekosea wapi?

Kuuliza hukukosea, ila swali lako lilikuwa pana mno. Bajeti inaeleza fedha zilizokusudiwa. Haisemi nani alilipwa, lini, wala kwa kazi ipi. Ukiandika "naomba taarifa za fedha za barabara", ofisa asiyetaka kukusaidia anaweza kukupa karatasi yoyote yenye neno barabara na akawa amekujibu. Zitaje hati kwa majina: mkataba wa mkandarasi pamoja na viambatisho vyake, mchanganuo wa gharama za kazi, vipimo vya kazi iliyokamilika, hati za malipo na hati ya makabidhiano. Taja na kipindi unachokitaka. Kitabu ulichopewa usikitupe, maana ndimo utakamopata jina rasmi la mradi na kifungu cha matumizi, na ombi lenye vitu hivyo viwili ni gumu kulikwepa.

Nguvu ya hati ndogo ilionekana Rajasthan, India, katika miaka ya 1990. Vibarua wa miradi ya serikali walikuwa wakilipwa chini ya kiwango, na kila walipouliza waliambiwa kuwa vitabu vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Shirika lao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, likaanza kudai vitabu hivyo: orodha za mahudhurio na risiti za vifaa. Kuanzia Desemba 1994 liliitisha mikutano ya hadhara, orodha zikasomwa kwa sauti mbele ya watu wa vijiji husika. Yalisomwa majina ya watu waliokwisha kufa. Yalisomwa majina ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga eneo la kazi. Hakuhitajika mhasibu, kwa sababu kila aliyesimama pale alijua kama alifanya kazi au hakufanya, na kama alilipwa au hakulipwa. Walidai "fedha yetu, hesabu yetu", na harakati zao zilichangia sana kupatikana kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, inayowahudumia Wahindi wote.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote katika safu hii. Ukweli wa fedha ya umma unakaa karibu na saini ya aliyeipokea. Jedwali la jumla kuu halina mtu wa kulipinga, lakini orodha ya malipo ya kijiji ina mashahidi wanaoishi humo humo.

Ofisa ameniuliza, "Unazitaka za nini?" Ni lazima nijibu?

Kwa sheria nyingi, hapana. Sheria ya India inakataza kabisa kumtaka mwombaji aeleze sababu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inasema haki ya raia haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na hisia za ofisa kuhusu sababu hizo. Mwaka 2006, katika kesi ya Claude Reyes dhidi ya Chile, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika nayo iliamua kwamba mwombaji hana haja ya kuthibitisha kuwa jambo linamgusa moja kwa moja. Mjibu kwa adabu kwamba ombi lako liko kwenye maandishi na unasubiri jibu la maandishi.

Nimepeleka barua, ni kimya tu. Nifanyeje?

Kwanza hesabu siku. Kenya ofisi ina siku 21, India na Afrika Kusini 30, Uingereza siku 20 za kazi. Kenya na India, muda ukipita bila jibu, sheria inachukulia kwamba umekataliwa, na hilo lina faida kwako: linakufungulia mlango wa rufaa. Ndiyo maana nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe ni mali kubwa. Bila muhuri huo wanaweza kusema hawakupata barua, na siku zako zinaanza kuhesabiwa upya.

Tumeomba mkataba, wametuambia ni siri ya biashara.

Baadhi ya mambo ni siri kweli, kwa mfano namna kampuni inavyotengeneza bidhaa yake. Lakini bei ambayo umma umekubali kulipa, kazi iliyoagizwa na tarehe ya kuikamilisha havina sababu ya kufichwa baada ya mkataba kusainiwa. Sheria nyingi zinairuhusu ofisi kufunika sehemu zenye siri na kutoa zilizobaki, kwa hiyo katika rufaa yako waombe watoe mkataba huku wakionyesha ni mistari ipi wameifunika, na kwa kifungu gani.

Tena wapo waliokwenda mbali zaidi. Slovakia, tangu mwaka 2011, mkataba wa serikali hauanzi kutumika mpaka uchapishwe kwenye rejista ya wazi mtandaoni, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu unahesabiwa kama haukuwahi kufungwa. Pale anayebeba mzigo wa kuchapisha si mwananchi tena. Ningependa kuona kila nchi inafika huko.

Je, faragha ya viongozi si sababu halali ya kuficha?

Ya namba ya akaunti au ugonjwa wa mtu, ndiyo. Ya matumizi ya fedha za umma, angalia yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2008 Mahakama Kuu iliamuru madai ya posho za wabunge yatolewe. Bunge likaandaa nakala ambazo anwani za nyumba zimefutwa. Mei 2009, kabla hazijatoka, gazeti la Daily Telegraph lilipata kumbukumbu zote na kuanza kuzichapisha. Ikadhihirika kwamba baadhi ya wabunge walikuwa wakibadilisha ni nyumba ipi iitwe "ya pili", yaani ile ambayo gharama zake zililipwa kwa posho, ili walipiwe zaidi, jambo ambalo lisingeonekana anwani zikiwa zimefutwa. Spika alijiuzulu, na baadhi ya wabunge walifungwa.

Mikopo ya serikali nayo inaombwa?

Iombeni, na msisahau dhamana ambazo serikali inawawekea wengine. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali nchini Msumbiji, zikiwemo za uvuvi wa jodari na ulinzi wa bahari, zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani kwa dhamana ya serikali. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa, hata bunge halikujua. Ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wengine walisitisha misaada ya bajeti, na thamani ya sarafu ya nchi ikaporomoka. Walioumia ni watu ambao hawakuwahi kuulizwa lolote.

Taasisi ikipata hati safi, maana yake hakuna kilichoibwa?

Hapana. Hati safi inasema kwamba, kwa maoni ya mkaguzi, hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa. Jengo lililonunuliwa kwa bei mara mbili ya thamani yake, likaandikwa vizuri vitabuni, linaweza kupita. Ukitaka kujua kama fedha zilileta thamani, tafuta ripoti ya ukaguzi wa ufanisi, ambayo hutolewa peke yake. Na ukiwa na muda mchache, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayofuatilia mapendekezo ya miaka iliyopita. Tafuta hoja zinazojirudia mwaka hadi mwaka bila kujibiwa, andika namba zake, kisha omba kwa maandishi barua ambazo taasisi ilimjibu mkaguzi.