Rose Bowl ya 1942 ilihamishwa, haikufutwa
Je, Rose Bowl ya 1942 ilifutwa kwa sababu ya vita? Hapana, pambano hilo la futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu lilichezwa, ila lilihamishwa kutoka Pasadena, California, hadi Durham, North Carolina, kwa kuwa baada ya shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, la tarehe 7 Desemba 1941 jeshi halikutaka umati mkubwa ukusanyike karibu na pwani ya Pasifiki. Oregon State waliifunga Duke 20–16 siku ya Mwaka Mpya, mvua ikinyesha uwanjani. Linaloniuma zaidi ni la Jack Yoshihara, mchezaji wa Oregon State mzaliwa wa Japani, ambaye alizuiwa kusafiri na wenzake na baadaye akapelekwa katika kambi ya kizuizi ya Minidoka, Idaho.