Muziki wa asili wa Ujerumani: usiishie kwenye nyimbo za bia

Ndugu, umeuliza kwa nini mkusanyiko wako wa nyimbo za kumbi za bia unakuchosha baada ya nyimbo tatu tu, na kama muziki wote wa asili wa Ujerumani uko hivyo. Hauko hivyo hata kidogo.

Kanda nyingi za namna hiyo zinachanganya vitu viwili. Kuna Volksmusik, muziki wenyewe wa vijijini, na kuna volkstümliche Musik, nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya soko na televisheni zikiiga ule wa asili. Nadhani wewe umeangukia ule wa pili.

Tafuta mkusanyiko wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, wenye Zwiefacher. Hiyo ni ngoma inayoruka kutoka mapigo mawili kwenda matatu na kurudi, ndani ya wimbo mmoja. Mara ya kwanza nilidhani wapigaji wamepotea! Sikiliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito: ukiishika hiyo, miguu itafuata yenyewe. Kisha nenda kwenye Ländler, ngoma ya mapigo matatu, ikipigwa kwa zither, kinanda cha nyuzi kinacholazwa mezani. Ni muziki mpole sana, wa kusikiliza usiku.

Matarumbeta nayo usiyatupe. Kwenye mahema ya Oktoberfest, tamasha kubwa la bia la mjini Munich, tangu 2005, kabla ya saa kumi na mbili jioni hupigwa muziki wa matarumbeta wa kijadi, sauti isizidi desibeli 85. Rekodi za bendi za mchana ndizo ninazozipenda zaidi, maana kila ala inasikika.