Maswali ya gawio: duka la misumari la Wamarekani

Tangu niguse habari za Home Depot na Lowe's, yale maduka makubwa ya Marekani ya mbao, rangi na vifaa vya kukarabati nyumba, simu yangu haipumziki. Kumbe Moshi na Arusha wanaozifuatilia hisa hizi na gawio lake, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, si haba. Nimechagua maswali machache, maana mengi yanajirudia.

Home Depot wanatoa gawio kila mwezi? (Majengo, Moshi)

Kila robo mwaka. Hili nimeshalijibu mara tatu. Nne, sasa.

Home Depot inalipa asilimia kubwa kuliko Lowe's. Kwa nini mtu ahangaike na Lowe's? (Sakina, Arusha)

Ndiyo ugonjwa wetu huu, kusoma asilimia ya gawio kama bei ya debe la nyanya pale Kilombero. Asilimia hiyo ni gawio likigawanywa kwa bei ya hisa. Bei ikiporomoka, asilimia inapanda, na kampuni haijakuongezea hata senti moja.

Uliza kwanza bodi imejiwekea kugawa sehemu gani ya faida. Lengo la Lowe's ni asilimia 35. Home Depot walitangaza asilimia 55 mwaka 2017. Sasa shika kalamu. Mwaka wa fedha 2024 Home Depot walipata faida ya dola 14.91 kwa kila hisa. Februari 2025 wakapandisha gawio la robo mwaka kutoka dola 2.25 hadi 2.30, yaani dola 9.20 kwa mwaka. Hiyo ni kama asilimia 62 ya faida ile. Wameshalipita lengo lao wenyewe, ndiyo maana nyongeza ilikuwa kiduchu, asilimia 2 na ushehe, wakati mwaka mmoja nyuma walitoka 2.09 hadi 2.25.

Biashara ndiyo iliyobana. Riba za mikopo ya nyumba kule zimekaa juu tangu 2022, watu hawahami, na asiyehama hana haraka ya kubadilisha jiko wala sakafu. Juu ya hayo, mwaka 2024 walinunua SRS, wauzaji wa vifaa vya kuezekea kwa mafundi, kwa dola bilioni 18.25. Deni likaongezeka, nao wakasimamisha ule mtindo wa kununua hisa zao wenyewe sokoni.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi hili halimpi shida kulielewa. Novemba, kabla watu hawajapanda nyumbani kula Krismasi, ndoo za rangi zimepangwa hadi barazani na kijana wa kukata bati hapati muda wa kunywa chai. Njoo Machi umkute mwenyewe kaketi juu ya mfuko wa saruji anapiga miayo. Huyo akiwagawia ndugu pesa yote ya Desemba, Machi atakopa. Anayelenga kugawa 35 ana pa kupumulia kuliko anayegawa 62. Lowe's wamelipa kila robo tangu waingie sokoni 1961, na wameongeza gawio mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya miaka 50. Home Depot, mtikisiko wa 2008 ulipowakuta, hawakupunguza, ila hawakuongeza pia.

Sisemi ununue ipi. Nasema usichague kwa namba moja.

Nikinunua leo, kesho nikapata haki ya gawio, keshokutwa nikauza, si nimekula bure? (Himo)

Hapana. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei hufunguka ikiwa imeshuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Wewe umemlipa dalali mara mbili. Ujanja huu ni mkongwe, na wanaoufurahia ni madalali.

Kijana wangu yuko Dallas, ananinunulia hisa kwa pesa ninazomtumia. Kodi ikoje? (Mama wa Machame)

Shikamoo mama. Kama hisa ziko kwa jina lake na yeye ni mkazi wa kule, kodi ni yake, kwa viwango vyake. Zingekuwa kwa jina lako, Marekani ingekata asilimia 30 kabla pesa haijatoka, maana hatuna mkataba wa kodi nao. Gawio la dola 2.30 lingekufikia dola 1.61.

Hukuuliza hili, lakini nitasema: kisheria hizo si hisa zako. Mwanao ana mke? Andikianeni, tena mbele ya wakili. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikaa matanga bila kusalimiana kwa sababu ya pesa za namna hii.

Nimeingizwa kundi la WhatsApp lenye nembo ya Home Depot, wanalipa gawio asilimia 5 kila wiki. (Usa River)

Toka leo. Asilimia 2 na nusu kwa mwaka mzima ndiyo kawaida ya hisa hii. Wanakulipa kwa pesa ya aliyeingia nyuma yako.

Marehemu baba alinunua hisa kwenye soko la hisa la Dar mwaka 2009. Hatujawahi kuona gawio. (Njiro)

Hili ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza, na mngeniuliza wengi. Beba hati ya usimamizi wa mirathi, namba ya akaunti yake ya CDS (ile akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa) na kitambulisho, uende kwa dalali aliyesajiliwa. Muulize gawio lilikuwa linatumwa wapi. Kwa kampuni iliyoorodheshwa Dar hukatwa asilimia 5 tu ya kodi ya zuio. Linalobaki ni la warithi.

Mimi mwenyewe gawio la miaka mitatu lilikuwa linakwenda kwenye akaunti ya benki niliyoifunga. Nililijua siku nilipofungua sanduku la posta kutafuta kadi ya harusi, nikakuta bahasha tatu za msajili wa hisa, moja ikiwa imeshaliwa na mende pembeni. Kubadilisha namba ya akaunti kulinichukua fomu ya ukurasa mmoja.